Noti Iliyochoka

Soko la Kashikishi huamka kabla ya jua. Nchelenge imekaa ukingo wa mashariki wa Ziwa Mweru, kwa hiyo jua humtokea mtu mgongoni, kwenye miembe na mashamba ya mihogo, na ziwa hubaki na rangi ya majivu muda mrefu baada ya nchi kavu kupata mwanga. Saa hiyo mitumbwi inasogea mchangani, wanawake wanaingia majini hadi magotini na mabeseni yao, na noti zinapita mkono kwa mkono bila mtu kuziona sura zake sawasawa. Fedha yenyewe inaitwa kwacha. Neno ni la Kibemba na Kinyanja, lakini sikio la Mswahili halihitaji mkalimani: kumekucha. Zambia iliipa fedha yake jina la mapambazuko tarehe 16 Januari 1968, ilipoachana na pauni, na pale Kashikishi mapambazuko hayo huanza kazi kungali giza.

Nilikuwa nimekwenda kuandika habari za samaki. Nikaishia kutazama mikono ya mama mmoja.

Alikuwa anauza chisense, samaki wadogo wa ziwa hilo, ndugu wa dagaa wetu kwa umbo na kwa harufu. Kakalia ndoo iliyopinduliwa, mbele yake turubai na rundo linalomeremeta kama vipande vya bati, anapima kwa meda, kile chombo ambacho Zambia nzima inapimia unga, maharage na chochote kinachomwagika. Nilimwamkia shikamoo kama nilivyolelewa. Akacheka, maana kwao ni Pweto, upande wa Kongo, na huko shikamoo si salamu ya kila siku. "Jambo, papa," akanijibu, na tangu hapo tukaelewana, Kiswahili changu cha Mbeya na chake cha Katanga vikikanyagana vidole hapa na pale. Wateja wa Zambia walimwita ba mayo, akawajibu kwa Kibemba. Wa ng'ambo walimwita mama. Wote walimlipa kwa walichonacho: kwacha, faranga za Kongo, na mara mojamoja dola iliyokunjwa kama hirizi.

Siku mbili nilimwona akipokea noti na kuzitia pindoni mwa kitenge bila kuziangalia. Nikamhurumia moyoni, nikasema huyu ataliwa. Siku ya tatu ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa natazama macho yake badala ya kidole gumba. Mkono wa kushoto ulikuwa unaendelea kupima. Wa kulia ulipokea noti kati ya gumba na vidole viwili, gumba likatelezeshwa mara moja kutoka katikati kwenda ukingoni, noti ikanyumbuka kidogo na kutoa mlio mkavu, ikapotea kitengeni. Kazi nzima haikuzidi pumzi moja. Mteja alikuwa bado anatazama samaki.

Mara moja tu gumba lilisimama. Kijana mmoja alitoa kwacha 100, safi kuliko zote zilizopita asubuhi ile. Mama hakuiinua juani, hakukunja uso wala hakumwita mtu. Alimrudishia kwa mikono miwili.

"Hii imechoka, papa. Unipe ingine."

Kijana akatoa nyingine, wakamalizana, akaondoka na dagaa wake. Noti iliyochoka ilikuwa mpya kama shati la Idi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba nimekaa karibu na fundi.

Walioandika mabango ya benki kuu, iwe Lusaka, Dodoma au Nairobi, wanatufundisha mambo yaleyale: papasa, tazama kwenye mwanga, inamisha. Ni mafundisho sahihi, ila yameandikwa kana kwamba mtu yuko peke yake chumbani na noti. Sokoni noti haiji peke yake. Inakuja na mwenyewe, naye ana macho, ana jina mtaani, na huenda kesho akawa ndiye mwenye mtumbwi unaokuletea mzigo. Kuiinua noti ya mtu juani mbele ya watu ni kumwambia jambo zito. Mara nyingi aliyeishika noti bandia naye kabambikwa na mwingine, wala hajui. Kwa hiyo ukaguzi wa kweli, ule wa watu wanaoishi kwa noti, umelazimika kujificha ndani ya mambo mengine: ndani ya kuhesabu, ndani ya kunyoosha kona iliyojikunja, ndani ya maneno ya upole. "Imechoka" ni neno la kiungwana lisilomshtaki mtu yeyote. Linampa mwenye hatia mlango wa kutokea, na asiye na hatia halimvunjii heshima.

Mchana soko lilipopoa nilimwomba anifundishe. Akafungua kitambaa alichofunga fundo, akatoa noti mbili za kwacha 100. Moja ilikuwa nzuri. Nyingine alibambikwa zamani, akaikata kona isije ikapita tena kwa bahati mbaya. (Sheria inataka noti ya namna hiyo ipelekwe polisi. Najua, naye anajua, tukapita.) Akaniambia nifumbe macho, akaniwekea moja baada ya nyingine, akaniuliza kama nasikia tofauti. Sikusikia. Akanishika gumba, akalilaza ubavu, akalivuta polepole juu ya maandishi, kama mtu anayemfundisha mtoto kuparua samaki.

"Hii iko na magamba," alisema. "Ile ingine iliparuliwa."

Tangu siku hiyo sijasikia maelezo bora kuliko hayo ya namna noti inavyochapwa. Noti halisi haipakwi wino juu juu kama gazeti. Mchoro huchimbwa kwenye bamba la chuma, mistari yake ikiwa mifereji myembamba. Wino mzito hupakwa, bamba hupanguswa hadi wino ubaki mifereji tu, halafu karatasi hukandamizwa juu yake kwa nguvu kubwa mno, kiasi kwamba karatasi yenyewe huingia ndani ya mifereji na kuuzoa wino. Ikitoka, kila mstari umesimama juu ya uso wa karatasi. Ni kitu kidogo kuliko unene wa unywele, lakini ncha ya kidole huona vidogo kuliko jicho ikizoezwa. Mashine ya kunakili rangi hunakili kila kitu isipokuwa kimo. Inakupa sura ya samaki bila magamba.

Mlio nao una sababu. Karatasi ya daftari imetokana na miti. Karatasi ya noti nyingi duniani ni pamba, na ya dola ni pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25. Nyuzi zake ni ndefu, zimeshikamana, ndiyo maana noti inaweza kufuliwa mfukoni mwa suruali ikatoka hai, na ukiipigapiga hewani inalia kama kitambaa kipya cha kanga kabla hakijafuliwa. Karatasi ya mti hulia kwa sauti ya chini, ya uvivu, na ikilowa hulegea kama ugali wa jana.

Hapo ndipo wauza samaki wanapowazidi makarani. Mama yule hakuwa na haja ya kutafuta maji. Mikono yake ilikuwa majini tangu alfajiri. Alichovya kidole kwenye beseni, akasugua kona ya noti bandia mara tatu, akanionyesha: kidole kimegeuka zambarau, na kwenye kona ile rangi imekimbia kama wanja wa bibi harusi anayelia. Wino wa printa nyingi za nyumbani huyeyuka majini. Wa noti halisi haukimbii. Ninavyoona, mtu aliyetengeneza noti ile chumbani kwake, kwenye meza kavu, hakuwahi kufikiria kwamba mtihani wake wa kwanza utakuwa mkono uliotoka kupakua samaki.

Dukani, upande wa pili wa barabara, niliona kalamu ile ya kupimia noti. Wengi wanaiamini kuliko inavyostahili. Ndani yake mna iodini, nayo iodini ikikutana na wanga hugeuka nyeusi au kahawia. Karatasi ya kawaida imetiwa wanga, ya noti haina, basi. Kalamu haijui chochote kuhusu mchoro wala thamani. Inauliza swali moja tu: una wanga? Matapeli wa dola walijibu swali hilo kwa ujanja ninaoukubali shingo upande. Walichukua dola 5 halisi, wakazisafisha kwa kemikali hadi zikawa nyeupe, wakachapa juu yake sura ya dola 100. Karatasi ni ya Serikali ya Marekani yenyewe, kalamu inaipitisha, na hata mlio upo. Kilichowaumbua ni alama ya maji. Ukiinua dola 100 ya kweli unamwona Benjamin Franklin akichungulia kutoka ndani ya karatasi. Ukiinua ile ya bandia unamwona Abraham Lincoln, mwenye nyumba wa zamani, ambaye kemikali haikuweza kumhamisha. Mwaka 2008 Wamarekani walimwondoa Lincoln kwenye alama ya maji ya dola 5, wakaweka tarakimu 5 kubwa, ili hata asiyejua sura za marais aone mara moja.

Alama ya maji haifutiki kwa sababu si mchoro. Ni karatasi yenyewe, mahali penye unene na mahali penye wembamba, iliyofanywa hivyo wakati nyuzi zingali uji mtupu. Mafundi wa Fabriano, Italia, walikuwa wakiifanya tangu karne ya 13. Mtanzania akiinua noti ya 10,000, wekundu wa Msimbazi, ndovu anabaki palepale usoni lakini Mwalimu Nyerere anajitokeza pembeni, mahali palipoonekana patupu. Noti bandia nayo mara nyingi ina kivuli mahali hapo, kimechapwa kwa wino wa kijivu, na kosa lake ni kwamba kinaonekana hata usipoinua.

Usiku, kwenye baa zenye taa zile za buluu, mambo hugeuka. Karatasi nyeupe ya ofisini imetiwa dawa ya kung'arisha, kwa hiyo chini ya taa ya urujuanimno inawaka kama shati jeupe disko. Karatasi ya noti halisi hukaa kimya, giza, na ndani yake ni uzi na vipande vya nyuzi tu vinavyong'aa. Uzi wa dola 100 hutoa waridi, wa 20 kijani. Mhudumu wa baa ambaye hajui kusoma Kiingereza anaweza kuitambua noti halisi kwa sekunde mbili kwa kuangalia kinachokataa kuwaka.

Dola ndiyo iliyonifikisha kwenye jambo ambalo mabango hayalisemi kabisa. Nilikuwa na dola 50 yangu, halali, niliyoipata kwa jasho. Kwenye ukingo ilikuwa na mchirizi wa kalamu, labda karani fulani alikuwa anajaribu wino. Nilimpa mama aikague kama mtihani. Gumba likapita, mlio ukatoka, akaitazama mwangani bila haya kwa kuwa tulishakuwa marafiki. Akanirudishia.

"Ni ya kweli," akasema. "Lakini aiko makuta."

Ni ya kweli, lakini si pesa. Ng'ambo ya ziwa hakuna atakayeipokea. Kongo inatumia dola kama inavyotumia chumvi, na inazichagua kama mahari: isiwe na mchaniko hata wa unyasi, isiwe na mhuri wala kalamu, isiwe ya toleo la zamani. Dola ya mwaka wa kale yenye kichwa kidogo cha Franklin, halali kabisa kwa sheria ya Marekani, hurudishwa kama embe lililobonyea. Wakati huohuo faranga iliyolowa mafuta ya mawese, iliyogandishwa kwa utepe wa plasta katikati, inapita bila swali. Kwa faranga watu huuliza tu zimetimia kwenye bunda. Kwa dola wanauliza ukoo.

Nilianza kukasirika, halafu nikakumbuka historia. Desemba 1992, Kongo ikiitwa bado Zaire, utawala wa Rais Mobutu ulitoa noti mpya ya zaire milioni 5. Ilichapwa vizuri, ilikuwa na kila alama, na kidole chochote kingeipitisha. Waziri Mkuu Étienne Tshisekedi, mpinzani wa Mobutu, akatangaza kuwa si fedha halali, kwamba itaongeza tu moto kwenye bei. Wafanyabiashara wakamsikiliza yeye. Mwishoni mwa Januari 1993 wanajeshi walilipwa mishahara kwa noti hizo, wakaenda madukani Kinshasa, wakakuta hakuna anayezitaka. Wakageuka na bunduki. Watu wengi walikufa katika ghasia zile, akiwemo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard. Baadaye mwaka uleule zilipokuja zaire mpya, eneo la Kasai lilizikataa, likaendelea na zile kuukuu hadi zikawa vitambaa. Mtu ambaye ameishi hayo, au amelelewa na walioishi hayo, anajua kwamba maswali ni mawili. La kwanza, noti hii imetoka kwa aliyeandikwa? La pili, nikiivusha ziwa, kuna mkono utakaoipokea? Mama yule alikuwa anayajibu yote mawili kwa gumba moja, na sikuwahi kumwona akiyachanganya.

Wala si jambo la dola tu. Eneo lile limekuwa likikagua mali za kigeni muda mrefu kuliko karatasi. David Livingstone alipofika Ziwa Mweru tarehe 8 Novemba 1867, na baadaye mwezi huo kwenye baraza la Mwata Kazembe, mtawala wa huko, alimkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara kutoka pwani aliyekaa huko miaka. Watu wa misafara ya aina yake walilipa kwa nguo na ushanga, na shaba ya Katanga, ile iliyosubuliwa kwa umbo la msalaba, nayo ilikuwa mali ya kubadilishana. Kila mzigo ulipapaswa. Ushanga ulikuwa na fasheni zake: rangi iliyopendwa kijiji hiki haikununua hata kuku kijiji kinachofuata, na msafara uliokosea rangi ulilala njaa juu ya mali nyingi halali. Nguo mojawapo iliyoheshimiwa sana ilikuwa merikani, pamba isiyopaushwa, ambayo wafanyabiashara wa Salem waliileta Unguja kutoka viwanda vya Massachusetts na majimbo ya jirani. Watu waliipima kwa dhiraa na kuifikicha kwa vidole.

Sasa sikiliza hili. Karatasi ya dola hutengenezwa na kampuni ya Crane, mji wa Dalton, jimbo la Massachusetts, tangu mwaka 1879. Kwa hiyo pamba iliyotoka Massachusetts bado inafika ufukweni kwa Mweru kama fedha, na bado kuna mtu anayeifikicha kwa gumba kabla ya kutoa mali yake. Kilichobadilika ni ukubwa wa kitambaa.

Hata Franklin mwenyewe angekaa vizuri Kashikishi. Kabla hajawa sura ya dola 100 alikuwa mchapaji, na alichapa noti za Pennsylvania. Alichukia wenye kughushi, akabuni njia ya kutengeneza bamba la chapa kutokana na jani la mti halisi, na mishipa yake yote. Hakuna mkono wa binadamu uliokuwa na subira ya kuchonga mishipa ya jani vile ilivyo, na hakuna majani mawili yanayofanana. Juu ya noti alizochapa na mwenzake David Hall waliandika kwamba kughushi ni kifo. Noti za Kongo zina onyo la namna hiyo hadi leo, kwa Kifaransa, ila zimepunguza adhabu hadi kifungo. Sidhani kama onyo lile limewahi kumzuia mtu. Jani lilizuia.

Je, kuna noti ambayo hata gumba la mama yule lingeipitisha kimakosa? Ipo moja ninayoijua, na inanifurahisha kwa sababu ina sura ya mtu tunayemjua pwani. Mwaka 1924 Mreno mmoja, Artur Alves dos Reis, aliyewahi kufanya kazi Angola, alighushi barua badala ya kughushi noti. Aliwaaminisha wachapaji wa Waterlow and Sons wa London kwamba Benki ya Ureno imewaagiza kwa siri. Nao wakachapa noti za eskudo 500 zenye sura ya Vasco da Gama, kwa mabamba halisi, karatasi halisi, wino halisi. Zilikuwa na magamba yote. Zikatumika, zikaanzishiwa benki, na ziligunduliwa Desemba 1925 tu, Porto, pale mtu alipolinganisha namba na kukuta noti mbili zenye namba moja. Nilipomsimulia mama, hakushangaa. Alinyoosha mkono kwenye kitita chake akanionyesha anavyokipanga jioni: anazifungua noti kama karata, namba juu, anapitisha jicho. Wenye printa za chumbani huwa wavivu, wanachapa namba ileile mara 20. Noti moja inaweza kudanganya, lakini zikikaa pamoja zinasemana.

Kuna kitu kimoja kilikuwa kinamsumbua. Tarehe 31 Machi 2025 Benki ya Zambia ilitoa noti mpya, ikaingiza za 200 na 500, ikazigeuza 2 na 5 kuwa sarafu, na kutoa miezi 12 ya kuziondoa zile za zamani. Haikuwa mara ya kwanza kwa kizazi kimoja: tarehe 1 Januari 2013 kwacha ilikatwa sifuri tatu, na kabla ya hapo, mwaka 2003, kulikuwa na zile za plastiki za 500 na 1,000 ambazo kidole hakikupata pa kushika. Kwa mtu wa benki hilo ni tangazo na bango jipya. Kwa gumba lililokwisha kuzoea ni kama kuhamishiwa ziwa jingine. Alisema wiki za mwanzo alikuwa akilala na noti mpya mkononi, anaipapasa gizani hadi usingizi. Hakuwa anazitafuta bandia, maana hata hazikuwa zimefika bado. Alikuwa anajifunza ya kweli. Nilimuuliza amewahi kushika noti ngapi za bandia maishani, akahesabu vidole vya mkono mmoja, havikuisha. Za kweli hakuna awezaye kuzihesabu. Ujuzi wake wote umetoka huko, kwenye maelfu ya noti zisizo na kosa lolote, ambazo mtu mwingine angezipokea bila kusikia kitu.

Majirani wanamletea zao. Nilimwona muuza nyanya akija na noti ya kwacha 50 ndani ya kiganja, bila kusema, akaiweka juu ya turubai kana kwamba ananunua. Mama akaichukua, gumba likapita, akamrudishia na kutikisa kichwa: nzuri. Hakuna malipo. Msichana wake wa miaka 12 hivi anakaa pembeni baada ya shule, na nilimwona akijaribu mwendo uleule wa gumba kwenye kipande cha gazeti. Mama akamnyang'anya gazeti. "Usizoeze kidole uongo," akamwambia, akampa noti ya kweli.

Juu yetu furukombe alikuwa ametua kwenye mlingoti wa boti, akipiga kelele zake za kichwa nyuma. Ndiye aliye usoni mwa kwacha, mvuvi mwenzao. Niliinua noti yangu nikawalinganisha, mtalii kamili, na wavuvi wakacheka.

Asubuhi ya kuondoka nilimnunulia mke wangu meda mbili za chisense. Kulikuwa bado giza, basi la Mansa linapiga honi barabarani. Nilimpa kwacha 100, na kwa sababu tulikuwa tumekula pamoja siku nne nilidhani ataitia kitengeni moja kwa moja. Gumba likapita, polepole kidogo kuliko kawaida, nami nikajikuta nimesimama nikisubiri kama mtoto mbele ya mwalimu. Noti ikalia. Ikaingia kitengeni. Halafu akachota konzi nzima ya samaki, akaimwaga juu ya mfuko wangu uliokwisha kujaa.

"Mbasela, papa," akasema, akamgeukia mteja mwingine.